Mvuvi, Kalafati Mtumbwi Wako

Watu wa pwani wana methali iliyopanda na biashara mpaka huku kwetu milimani, nami leo naikataa waziwazi: chombo cha kuzama hakina usukani. Tunaisema, au tunasema maneno yanayofanana nayo, kila mara ziwa linapotunyang'anya mtu. Maiti inatolewa majini, inapandishwa kwenye gari, inafikishwa kwa wazazi, na mtu mzima mwenye heshima anasimama mbele ya matanga kusema ilikuwa imeandikwa. Tunaitikia amina. Hakuna anayeuliza mtumbwi ule ulikuwa unavuja tangu lini.

Mimi nasema chombo cha kuzama huwa na usukani. Kina usukani uliolegea tangu Pasaka, na mwenyewe anasema atautengeneza Noeli. Kina ubao mmoja ambao kila aliyewahi kukipanda anaujua, maana hapo ndipo miguu inapolowa. Kina kopo la kumwagia maji ambalo halikufungwa kamba, na wimbi la kwanza tu linalichukua. Mungu hakuandika hayo. Tumeyaandika sisi, kwa uvivu, kwa haraka na kwa madeni, na kwa kuwa mkono ulioandika ni wetu, tunaweza kuyafuta.

Namwandikia kwanza kijana wa Kyavinyonge, kwenye Ziwa Edouard, anayetoka jioni na mtumbwi wa nyavu, yeye na Mungu wake tu. Namwandikia pia papa wa Butembo mwenye mitumbwi ziwani, ambaye hajaipanda miaka mingi. Na mama anayengoja samaki soko la Kilokwa pale Beni, ambaye tumbo la watoto wake linategemea kijana yule arudi asubuhi. Nyote watatu mko katika mtumbwi mmoja, hata kama ni mmoja tu anayelowa.

Ziwa Edouard si bahari, hilo linajulikana. Eneo lake ni kama kilomita za mraba 2,300, sehemu kubwa ikiwa upande wa Kongo na iliyobaki Uganda, na pale penye kina kirefu zaidi ni zaidi kidogo ya mita 110. Siku ya utulivu, mtu akisimama juu ya mteremko wa Mitumba na kulitazama, atadhani anaweza kulivuka akiimba. Lakini ziwa hili limekaa chini ya Bonde la Ufa, magharibi limebanwa na milima yetu, kaskazini-mashariki na Ruwenzori. Mchana kutwa maji yanapata joto. Usiku hewa baridi inashuka kutoka milimani kwenda majini. Ukiongeza wingu la mvua juu ya hilo, upepo unaanguka ghafla, na mawimbi yanayoinuka ni mafupi, yana mgongo mkali, na yanafuatana bila kupumzisha. Wimbi refu la bahari humpa nahodha nafasi ya kupanda na kushuka. Wimbi fupi la ziwa linakupiga kabla hujamwaga maji ya lile lililotangulia. Ndiyo maana simvumilii mtu anayelidharau ziwa kwa kuwa ni dogo.

Halafu kuna radi. Utafiti wa data za setilaiti uliochapishwa mwaka 2016 uliitaja Kabare, Kivu Kusini, kuwa mahali panapopigwa na radi nyingi kuliko pote barani Afrika, zaidi ya 200 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka, na milima yetu ni ya ukoo huohuo. Kuna kiboko: wale maelfu kwa maelfu wa miaka ya 1970 waliangamizwa na bunduki za vita na za ujangili, ila mmoja aliyebaki anatosha kupindua mtumbwi. Na kuna mpaka. Injini ikizima katikati, upepo hauulizi uraia wako. Wavuvi wetu wengi wamejikuta mikononi mwa wanamaji wa Uganda. Vita navyo vimefika hadi ufukweni. Basi anayetoka peke yake usiku katika maji haya ni shujaa, na shujaa hastahili kubebwa na ubao uliooza.

Na asidhani yuko peke yake katika historia. Pale Ishango, ambapo mto Semliki unatoka ziwani, jirani kabisa na Kyavinyonge, Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua mwaka 1950 mfupa mdogo wenye alama zilizokatwa kwa mpangilio, unaokadiriwa kuwa na umri wa miaka kama 20,000. Sasa umehifadhiwa Brussels, na wataalamu wa hesabu bado wanabishana juu yake. Wanachosahau kutuambia ni kwamba watu walioacha mfupa ule walikuwa wavuvi. Vyusa vyao vya mfupa, vyenye meno ya kumshika samaki, vilipatikana palepale. Babu zetu wa ufukwe ule walihesabu na walitengeneza zana zao kwa uangalifu ambao leo tunausafiria kwenda kuutazama Ulaya. Mvuvi wa Kyavinyonge ni mrithi wao. Urithi huo unadai kazi nadhifu.

Tuyatazame maji mengine kwanza, maana msiba wa jirani hufundisha bila ada. Tarehe 3 Oktoba 2024, kwenye Ziwa Kivu, boti M/V Merdi lilitoka Minova kwenda Goma. Barabara ya Sake ilikuwa imekatwa na vita, kwa hiyo watu walikimbilia ziwani kama njia ya salama. Boti lilipinduka likiwa linakaribia bandari ya Kituku, watu wa Goma wakiliona kwa macho. Gavana wa Kivu Kusini alitaja abiria 278, hesabu inayozidi mara tatu uwezo wa boti lile. Makumi walikufa maji mbele ya ndugu zao waliokuja kuwapokea. Miaka kumi kabla yake, tarehe 22 Machi 2014, boti lilizama Ziwa Albert likiwa limejaa Wakongo waliotoka kambi za wakimbizi Uganda. Zaidi ya watu 200 walipotea. Walikuwa wameponyoka risasi, wakafa wakirudi nyumbani.

Nani ataniambia haya yaliandikwa? Kujaza watu kupita kiasi ni uamuzi. Kusafiri bila jile ya kuelea ni uamuzi. Kila uamuzi ulifanywa ufukweni, mchana, na mtu mwenye akili timamu aliyekuwa anahesabu pesa.

Sasa nikupeleke mbali, bahari kuu, kwa mtu aliyekuwa peke yake kuliko mvuvi yeyote wa Kivu. Mwaka 1968 gazeti moja la Uingereza lilitangaza zawadi kwa atakayeizunguka dunia kwa tanga, peke yake, bila kutia nanga bandarini. Walitoka watu tisa. Robin Knox-Johnston, ofisa wa meli za biashara, alikuwa na jahazi dogo la mti wa msaji lililoundwa Bombay, India, urefu wake mita kumi hivi, akaliita Suhaili, jina ambalo mabaharia wa Bahari ya Hindi wanalijua. Miaka michache kabla alikuwa ameliendesha kutoka India, akashuka nalo pwani ya Afrika Mashariki, hadi Uingereza. Wenzake wengine walikuwa na vyombo vya kisasa zaidi, vyenye kasi zaidi. Chake kilikuwa cha polepole. Wajuzi hawakumtazama mara mbili.

Aliondoka Falmouth tarehe 14 Juni. Hakuwa amefika mbali, bado anashuka maji ya Afrika Magharibi, akagundua chombo kinavuja kuliko kawaida. Akaruka majini kutazama. Maungio ya mbao karibu na mkuku yalikuwa yamefunguka, na kila chombo kilipoyumba, yalikuwa yakipanuka na kujifunga. Mtu wa kawaida angegeuza kurudi, na hakuna ambaye angemlaumu. Yeye alingoja bahari itulie, akachukua nyundo na pamba ya kalafati, akazama chini ya chombo chake mwenyewe katikati ya bahari, bila vifaa vya kupumulia. Akipiga, pamba inatoka. Anapanda kuvuta pumzi, anazama tena. Mwisho akaishonea pamba kwenye kitambaa cha tanga, akakipaka lami, akakipigilia kwa misumari midogo, na juu yake akapigilia bamba la shaba ili kitambaa kisichanike. Samaki papa alitokea kati ya kazi ile. Akapanda juu, akamwondoa kwa bunduki, akarudi chini kumalizia kazi.

Simu ya upepo ilikufa. Maji yake ya kunywa yaliharibika baada ya chombo kulazwa ubavu na mawimbi ya kusini. Kifaa cha kujiongoza kilivunjika karibu na Australia, akaendelea kushika usukani na kupanga matanga mpaka chombo kikajifunza kwenda chenyewe. Dhoruba zilipozidi alikuwa akitupa kamba ndefu nyuma, zikokotwe majini, ili chombo kisikimbizwe na wimbi na kupinduka. Tarehe 22 Aprili 1969, baada ya siku 312, aliingia Falmouth. Kati ya wale tisa, aliyefika ni yeye peke yake. Suhaili bado ipo hadi leo, nayo inatunzwa.

Nimekaa juu ya habari hii kwa sababu sehemu inayonitia nguvu ni ile inayosimuliwa haraka: nyundo, pamba, lami, shaba. Kila kimoja alikuwa nacho ndani ya chombo. Alikibeba kutoka nyumbani siku ambayo hakuna kilichokuwa kinavuja. Ushujaa wa kuzama chini ya chombo ungekuwa ujinga mtupu kama mkononi hana pamba.

Kuna mwingine aliyemtangulia, Joshua Slocum, Mmarekani, mtu wa kwanza kuizunguka dunia peke yake kwa tanga, kati ya 1895 na 1898. Chombo chake, Spray, alipewa kikiwa gofu lililotelekezwa shambani. Alikijenga upya ubao kwa ubao kwa muda wa miezi 13. Kikamzungusha dunia. Miaka kumi hivi baada ya kurudi aliondoka tena na Spray ileile, na hakuonekana tena. Waliomwona miaka ile ya mwisho walisema chombo kilikuwa kimechakaa, hakitunzwi kama zamani. Bahari haikumwekea akiba ya sifa zake za jana.

Na ukitaka jina la Afrika, lipo. Kirsten Neuschäfer, mwanamke wa Afrika Kusini, aliingia mashindano ya namna ileile ya mwaka 1968, ya vyombo vya mtindo wa zamani na bila mitambo ya kisasa ya kuongozea njia. Walitoka Les Sables-d'Olonne, Ufaransa, Septemba 2022. Kabla ya hapo alikwenda kisiwa cha Prince Edward, Kanada, akakaa huko muda mrefu katika baridi akifungua na kufunga upya kila kitu ndani ya chombo chake, Minnehaha. Mwezi Novemba, katika Bahari ya Hindi ya kusini, chombo cha mshindani mwenzake, Mfini Tapio Lehtinen, kilizama ghafla. Kirsten ndiye aliyekuwa karibu zaidi. Alishika usukani usiku kucha, akamkuta Mfini yule kwenye boti lake la mpira, akamvuta kwa kamba, akamkabidhi kwa meli ya mizigo, kisha akaendelea na safari yake. Aprili 2023, baada ya siku 235, alifika wa kwanza. Hakuna mwanamke aliyekuwa ameshinda mashindano ya kuizunguka dunia peke yake kabla yake. Chombo chake kilikuwa kizima kiasi cha kumbeba yeye na kumwokoa mwingine. Hicho ndicho kipimo ninachokitaka Kyavinyonge.

Basi turudi ufukweni, tushike kazi.

Upindue mtumbwi wako. Uache ukauke vizuri, si nusu siku. Kisha chukua kisu chembamba, upite nacho kila mahali mbao mbili zinapokutana, kuanzia mkuku kwenda juu. Kisu kikiingia bila kuzuiwa, pamba imekufa. Ing'oe yote. Kuweka pamba mpya juu ya iliyooza ni kujidanganya. Hiyo mpya itatoka na ya zamani usiku mmoja. Pamba ya kalafati inasokotwa, inalowekwa mafuta, inaingizwa kwa patasi butu na nyundo ya mti, pole kwa pole, mpaka sauti ya nyundo ibadilike na kuwa kavu. Usiijaze kwa hasira. Mbao ikikaa majini inavimba, na pamba iliyoshindiliwa kupita kiasi itasukuma mbao na kulegeza misumari. Juu yake paka lami. Mafundi wa Lamu na Zanzibar wanalifanya hili kwa majahazi yao miaka na miaka, na wanapaka na deheni sehemu inayokaa majini ili kuzuia wadudu wa mbao. Ziwa letu halina wadudu wale wa bahari, hiyo tumepunguziwa. Kuoza hatukupunguziwa.

Angalia misumari. Ukiona doa la kutu linalotiririka chini ya kichwa cha msumari, msumari huo umeliwa ndani ya mbao, hata kama kichwa kinang'aa. Angalia mataruma, zile mbao za ndani zinazoshika umbo. Piga kwa mpini wa kisu, usikilize. Penye mlio wa uwazi pana uozo. Mbao nzuri hatuna shida nayo, inapita Beni kila siku kutoka upande wa Mambasa, inaenda Kasindi kuuzwa kwa wageni. Inaniuma kuona ubao mzuri unavuka mpaka huku mtumbwi wa mtoto wetu umezibwa kwa nailoni.

Kama una injini, mafuta yako pengine umeyanunua kwa kina Kadhafi, wauza petroli wa barabarani. Sina neno baya nao, ndio wanaotubeba. Lakini bidoni iache itulie kabla ya kumimina, maana maji hukaa chini ya petroli, na zile lita za mwisho usizitie kwenye tangi. Chuja kwa kitambaa safi. Injini nyingi za mipigo miwili zinataka oili sehemu moja kwa petroli sehemu 50, yaani mililita 400 kwa bidoni ya lita 20. Pima, usikadirie kwa jicho. Beba buji ya akiba na funguo yake, na kamba ya kuwashia. Beba makasia mawili hata kama injini ni mpya kutoka dukani. Hasa ikiwa mpya, maana ndipo mtu anapojiamini.

Jile ivae. Usiikalie, usiiweke chini ya samaki. Jile iliyo ndani ya mtumbwi uliopinduka ni mali ya ziwa. Na kwa yule ambaye leo hana hata senti ya kuinunua, nasema hivi: bidoni tupu ya lita 20, kifuniko chake kimefungwa kabisa, inasukumwa juu na maji kwa nguvu karibu sawa na kilo 20. Mtu mzima akiwa majini anahitaji kilo chache tu za msaada kuweka kichwa juu, maana mwili wenyewe karibu unaelea. Bidoni mbili zilizofungwa imara ndani ya mtumbwi, moja mbele na moja nyuma, zinaweza kuuzuia usiende chini ukijaa maji, na moja yenye kamba fupi inaweza kukushika wewe hadi asubuhi. Haichukui nafasi ya jile, kwa sababu jile nzuri inakushika hata ukizimia. Ila kila nyumba ya Butembo ina bidoni, na hakuna anayeweza kusema alikosa.

Upepo ukikukuta nje, piga magoti. Aliyesimama anaupindua mtumbwi kabla ya wimbi. Uzito uwe chini, katikati. Elekeza pua kwenye wimbi, kidogo upande, usikubali kulipokea kwa ubavu. Ukichoka kupiga kasia, funga ndoo kwa kamba ndefu mbele ya mtumbwi, itupe majini. Itakokota, na pua itabaki kuangalia upepo huku wewe unamwaga maji. Hiyo ndoo ni ndugu wa zile kamba ndefu za Knox-Johnston, tofauti ni kwamba zake zilikuwa nyuma. Mtumbwi ukipinduka, usiuache kuogelea kwenda ufukweni unaouona karibu. Ufukwe wa usiku unadanganya. Mbao inaelea, shika mbao.

Na ikibidi, kata nyavu.

Hapa nataka nikae, maana hapa ndipo wengi wanakufa. Kijana anajua kwamba nyavu zinamvuta, zinamshikilia ubavu kwenye wimbi. Kisu anacho. Hakati. Kwa nini? Kwa sababu nyavu si zake. Zina mwenyewe Butembo, na akirudi bila nyavu atadaiwa miezi na miezi, labda atanyang'anywa mtumbwi. Anapiga hesabu gizani kati ya deni na uhai, na anachagua kuvuta mara moja tena. Hivyohivyo anayeona wingu jeusi likikusanyika saa kumi jioni na bado anatoka: ameahidi samaki, na aliyeahidiwa ameshatoa pesa.

Papa mwenye mitumbwi, neno hili ni lako. Ujasiri wa kurudi nyuma kijana hawezi kuuzaa peke yake. Lazima umpe wewe. Mwambie kabla hajatoka, mbele ya mashahidi, kwa sauti: ukiona hali mbaya, kata nyavu, sitakudai. Ukiona wingu, baki, sitakufukuza. Maneno hayo mawili hayakugharimu kitu siku ya kuyasema. Siku ya kuyalipia, utalipa nyavu. Usipoyasema, mama wa mtu atalipa mtoto. Wafanyabiashara wa Butembo wanasifika Afrika nzima ya mashariki hadi Dubai na Guangzhou kwa kujua thamani ya kitu. Basi jueni na hii.

Watu wataniambia desturi haibadiliki, kwamba watu wa huku ni wagumu. Nawakumbusha Agosti 2018. Ebola ilitangazwa kuanzia Mangina, ikaingia Beni, ikaingia Butembo. Mwanzoni tulikataa. Tulisema ni biashara ya wakubwa, tukaficha wagonjwa, na vituo vya matibabu vilishambuliwa. Lakini twende mbele: ni watu walewale waliokuja kunawa mikono kwenye kila kizuizi, waliokubali kupimwa joto asubuhi na jioni, waliokubali kutowagusa wafu wao wenyewe, jambo ambalo kwa Mnande ni kisu moyoni. Wauguzi wetu walikaa kazini huku risasi zikisikika. Tarehe 25 Juni 2020 ugonjwa ule ulitangazwa kuisha. Zaidi ya watu 2,200 walikuwa wamekufa, na wengi zaidi wangeliwafuata kama tusingebadilika. Mji uliojifunza kunawa mikono mara kumi kwa siku hauwezi kushindwa kufunga mkanda wa jile mara moja kwa usiku.

Wala tusingoje Kinshasa. Tangu lini Butembo ilingoja Kinshasa? Barabara zetu tumezitengeneza kwa salongo, shule tumezijenga kwa michango, Chuo Kikuu cha Graben kilifunguliwa mwaka 1989 wakati Serikali ilikuwa haina hata pesa ya kulipa walimu. Kila soko lina likelemba, mchango wa zamu. Mama wauza samaki, mna likelemba ya vitenge, mna ya ada za shule. Anzeni moja ya jile. Zamu ikimfikia mmoja, hanunui sufuria. Anamvalisha kijana anayemletea samaki. Zamu inayofuata, mwingine. Kwenye mialo yetu mafundi wa mbao wapo, wazee wanaojua kalafati wapo, na wanaondoka na elimu yao kwa sababu hakuna anayewaita. Waiteni. Siku moja ya mwezi mitumbwi yote ipinduliwe pamoja, mzee apite na kisu chake, na mtumbwi atakaoukataa usitoke. Kamati ya wavuvi ikiogopa kumkatalia tajiri, basi haifai kuitwa kamati.

Waendesha pikipiki wa njia ya Beni na Butembo, nanyi mlionisoma hadi hapa mkidhani ni mambo ya ziwa tu, mmeshaelewa. Hali ya breki zenu mnaijua.

Mvua za Septemba zikianza, upepo hautatangaza saa yake. Kwa hiyo kijana wa Kyavinyonge, kesho usitoke. Kosa usiku mmoja wa samaki. Upindue mtumbwi, mwite mzee, ng'oa pamba iliyooza, funga kopo kwa kamba, tafuta bidoni mbili. Papa, mpigie simu leo, umwambie lile neno la nyavu. Mama, anza kuchangisha kabla ya Jumapili.